Kinanda Pamoja na Binti

Katika mji wa Wendelstedt, mpiga kinanda wa kanisa akizeeka, baraza la mji lilimtafutia mrithi kwa utaratibu ambao madiwani wenyewe waliuona umejaa hekima. Aliyeshinda majaribio alikabidhiwa vitu vinne: kinanda chenye mabomba elfu moja na mia mbili, nyumba ya matofali inayovuja upande wa kaskazini, kuni za majira ya baridi, na binti wa mpiga kinanda anayestaafu. Binti hakuwa wa hiari. Mwanamume aliyekitaka kinanda alimwoa binti, akamtunza yeye na baba yake mpaka mzee azikwe, na hivyo baraza halikupata taabu ya kumlisha mtu yeyote. Jambo hilo waliliita huruma, na kila mwaka walimshukuru Mungu kwa kuwajalia mioyo ya namna ile.

Binti aliyekuwa kwenye orodha safari hii aliitwa Elsabe Vormeyer. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kimo cha kuwatazama madiwani utosini, na ulimi ambao majirani walisema ungeweza kukata kabichi bila kisu. Mama yake alikwisha kufa zamani. Baba yake, mzee Hinrich, alikipiga kinanda kile kwa miaka arobaini na mmoja, mpaka jongo lilipomwingia vidoleni, vidole vikajikunja na kukataa kunyooka. Tangu hapo nyimbo za Jumapili zilipigwa na mwalimu wa shule, ambaye aliwasaidia waumini kuyaelewa kwa vitendo mateso ya Bwana.

Elsabe mwenyewe alijua kupiga. Baba yake alimfundisha tangu miguu yake haijafika kwenye pedali, na siku za kazi alipanda roshani ya kanisa, kwa jina la kukagua mabomba, akapiga mpaka mkanyaga mivukuto inayokipa kinanda upepo akaomba radhi aende kula. Mji mzima ulimsikia, na mji mzima ulikubaliana kwamba haukumsikia. Mwanamke kupiga kinanda lilikuwa jambo lisilowezekana, na lisilowezekana halina sauti.

Waombaji wawili walikwisha kuja mwaka ule. Wa kwanza alikiona kinanda akatabasamu, akamwona Elsabe, akakumbuka kwamba mama yake ni mgonjwa. Wa pili alikaa hadi chakula cha jioni, akamuuliza Elsabe kama daima huwa anajibu namna ile, Elsabe akamwambia siku nyingine huwa amekasirika, na asubuhi kitanda cha mgeni kilikutwa kimetandikwa vizuri hakina mtu. Elsabe aliwaombea wote wawili safari njema kwa moyo mkunjufu.

Wa tatu alikuwa Tobias Rautenkranz, na huyu hakuwa mtu wa kukimbia. Kwanza, alikuwa mpwa wa meya, Bwana Detlev Gossler. Pili, alikwisha kukataliwa katika miji mitano, na mtu aliyekataliwa katika miji mitano hachagui sana pua ya mchumba. Meya alimpa Elsabe habari hiyo mbele ya duka la mwoka mikate, kwa sauti ya kutosha wanunuzi wote.

"Binti, safari hii mambo yameiva!"

"Mambo gani, Bwana Meya?"

"Ndoa yako! Kabla ya Krismasi utakuwa mke wa mtu."

"Mbona mimi sijakubali?"

"Aa, wewe mambo ya kukubali tuachie sisi. Wewe kazi yako ni kufurahi tu."

Elsabe alirudi nyumbani na mkate wake akaukata vipande vikubwa vikubwa visivyokuwa na sababu. Alijua vizuri hali ilivyo. Tobias akishinda majaribio, yeye atakuwa mkewe, chini ya paa lile lile alilozaliwa, akimpikia mtu mwingine aketiye kwenye benchi la baba yake. Asiposhinda, baraza litatafuta tena, na kutafuta kwa baraza kulikwenda mwendo wa konokono aliyekula vizuri. Kila mwezi wa uhuru ulikuwa mwezi.

Majaribio yalipangwa Jumapili inayofuata sikukuu ya Mikaeli, kwa sababu siku hiyo Mtemi wa nchi alikuwa apite Wendelstedt akienda kuwinda nguruwe mwitu, na angeingia kanisani kusinzia kidogo. Mzee Hinrich aliliomba baraza jambo moja, la kwanza na la mwisho katika miaka arobaini na mmoja: kwamba kipimo cha mrithi wake kiwe koncherto yake ya tarumbeta na kinanda. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoitunga. Aliitunga akiwa tayari hawezi kushika kalamu, akaiimba noti kwa noti mezani jikoni, na Elsabe akaandika. Ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni ya mbio, tarumbeta na kinanda vinajibizana kama majirani wenye furaha. Ya pili ni ya polepole, na humo kinanda kiko peke yake, maana midomo ya mpiga tarumbeta nayo ni nyama, inahitaji kupumzika. Ya tatu wanakutana tena, kwa mbio kuliko mwanzo. Mzee alitaka kuisikia mara moja tu kabla hajafa. Baraza lilitafakari wiki sita, likakubali, kwa kuwa halikugharimu kitu.

Tarumbeta ilikuwa ya Ludeke Spörl, mpiga tarumbeta wa Mtemi. Watu wa kazi yake walikuwa na chama chao chenye hati ya Kaisari, na hati ile ilikuwa imewaingia kichwani kuliko mvinyo. Mpiga tarumbeta wa Mtemi alivaa upanga na kofia ya manyoya ya mbuni, alikula meza moja na maofisa, na hakupiga pamoja na wapiga filimbi wa mjini, kwa kuhofia kuambukizwa umasikini. Alipoulizwa atafanya mazoezi siku gani na mpiga kinanda, Spörl alijibu kwa barua.

"Tarumbeta ya Mtemi haijaribiwi," barua ilisema. "Inasikilizwa."

Kwa hiyo mazoezi hayakuwapo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, ambayo kila mtu wa kazi ile aliijua. Kinanda cha Wendelstedt kilikuwa na sauti ya juu, kwa sababu bomba la sauti ya juu ni fupi, bomba fupi linakula bati kidogo, na baraza lililokijenga lilipenda sana mabomba mafupi. Tarumbeta za kwa Mtemi zilikuwa chini yake kwa hatua moja nzima. Wawili wale wakipiga noti ile ile, zinatoka sauti mbili zinazochukiana. Tarumbeta haiwezi kupanda, kinanda hakiwezi kushuka. Ni mpiga kinanda ndiye anayepaswa kupiga kila kitu hatua moja chini ya kilivyotungwa, ndipo wakutane. Katika miji mingine mpiga kinanda hushusha kichwani huku anapiga, na hutokwa jasho. Katika nyumba ya Vormeyer, Elsabe alikuwa akishusha kwa kalamu wakati wa kunakili. Karatasi ya kinanda ilitoka mikononi mwake ikiwa imeshashushwa. Ulipiga ulichokiona, basi.

Jumamosi jioni Tobias alikuja kula. Kabla ya kuketi alifungua madirisha na kuyafunga, akagonga ukuta kwa kidole, akahesabu viti, kisha akamtazama Elsabe kwa jicho lile lile alilotazamia ukuta.

"Anajua kusoma?" akamuuliza mzee Hinrich.

"Anajua," akajibu Elsabe. "Na masikio anayo pia."

"Ha! Mchangamfu. Hilo litarekebishwa." Akaketi kwenye kiti cha mzee, akajipakulia soseji mbili na kabichi. "Nyumba nimeipenda, ila hiyo kaskazini inavuja. Lakini kwa jumla vitu vyote viwili vinafaa kwa mtu mvumilivu."

Elsabe aliwaza kumuuliza kitu cha pili ni kipi, akaona asijitafutie jibu. Alimsogezea karatasi za noti kando ya sahani.

"Bwana Rautenkranz, hii ni karatasi yako ya kesho. Imeshashushwa. Piga kama unavyoiona."

Tobias aliitazama huku anatafuna. "Haijashushwa."

"Imeshashushwa. Nimeishusha mwenyewe."

"Bibi wee, tazama hapa. Karatasi ya tarumbeta inaanza na noti hii, na ya kinanda inaanza na noti hii hii. Zinalingana. Kama zinalingana, mtu hajashusha kitu. Hata mtoto wa mtunza kanisa anaona."

"Karatasi ya tarumbeta huandikwa hivyo siku zote, hata kama sauti inayotoka ni nyingine. Isikutishe hiyo. Fuata yako."

"Mimi nimeshusha noti kichwani tangu wewe unasukwa nywele."

"Tumezaliwa mwaka mmoja, Bwana Rautenkranz. Meya kasema mwenyewe."

Mzee Hinrich aliweka mikono yake iliyokunjamana juu ya meza. "Kijana, msikilize. Huyu ananinakilia miaka kumi na sita, hajawahi kukosea hata nukta."

"Mzee wangu," Tobias akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na marehemu, "habari za supu nitamsikiliza, naapa. Supu ni nzuri sana. Lakini kinanda ni kichwa, na kichwa..." Akajigonga paji la uso, likatoa sauti kama alivyotegemea Elsabe.

Sikio la kufa halisikii dawa. Elsabe aliondoa sahani. Alikuwa amemwambia ukweli mara mbili, mbele ya shahidi, na dhamiri yake ilikuwa safi kiasi cha kung'aa. Usiku ule alilala fofofo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mtemi aliketi kwenye kiti chake chenye mto, na mbwa wake wawili chini. Mzee Hinrich alikaa benchi la mbele, amevaa wigi lake la sikukuu, mikono mapajani. Juu kwenye roshani, Tobias alijipanga kwenye benchi la kinanda, akatandaza mikia ya koti lake jipya. Nyuma yake lilisimama kabati la mabomba madogo, lililomkinga mpigaji kabisa asionekane na watu wa chini. Yeye tu ndiye aliyewaona wao, kupitia kioo kidogo kilichotundikwa juu ya noti. Elsabe alisimama kushotoni kwake kufunua karatasi, kazi ambayo sheria haikuwakataza wanawake kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifikiria. Upande wa kulia wa benchi alisimama Spörl na manyoya yake ya mbuni. Hakumsalimu mtu.

Tobias aliinua mikono. Kwa baa nne za mwanzo za muziki kinanda kilikuwa peke yake, na kilinguruma vizuri tu, ila Elsabe alijua mara moja: alikuwa ameishusha tena. Karatasi iliyokwisha kushuka hatua moja, bwana mkubwa ameiteremsha ya pili, kwa kichwa chake mwenyewe.

Kisha tarumbeta ikaingia.

Lo! Mbwa wa Mtemi waliinuka. Mtemi mwenyewe akashtuka akashika mahali ulipopaswa kuwa upanga. Mchungaji alitazama dari kuona kama ndiyo siku ile iliyoandikwa. Wale wawili walikwenda pamoja kama watu waliobeba kabati moja kubwa, kila mmoja anataka kupita mlango wake. Ungedhani mmoja wao atasimama. Spörl hakusimama, kwa sababu mpiga tarumbeta ameapa kutokatiza mbele ya Mtemi hata farasi wake akifa. Tobias hakusimama kwa sababu alikuwa na hakika kwamba anayekosea ni tarumbeta, na dawa ya mtu anayekosea ni kumfunika. Alivuta vishikio vyote vya sauti alivyoviona. Spörl naye akavimba mashavu, akapuliza kwa heshima ya Kaisari. Huko nyuma Klaus, mkanyaga mivukuto, alikanyaga kama mtu anayefukuzwa.

Elsabe alijikuta anafurahi. Furaha ilimjaa mpaka akauma mdomo wa chini asicheke. Aliiona miezi, pengine mwaka mzima, bila mume. Alimwona Tobias akipanda gari la farasi na sanduku lake, anaelekea mji wa saba. Akajiona ni mtu mbaya, akajisamehe hapo hapo. Kisha akatupa jicho kwenye kioo.

Baba yake alikuwa anajaribu kuziba masikio. Mikono aliifikisha, lakini vidole vilikataa kufunguka, na alikuwa amebana ngumi mbili juu ya wigi, macho amefumba, huku kila noti inapita. Watu wa mabenchi ya nyuma walikuwa wanacheka. Walidhani ndivyo alivyoitunga.

Furaha ya Elsabe iliisha kama mshumaa uliopulizwa.

Sehemu ya kwanza ikafika mwisho wake, maana hata mateso yana baa ya mwisho. Spörl alishusha tarumbeta, uso mwekundu, akamkazia macho Tobias kama mtu anayempima kwa ajili ya jeneza. Tobias akaanza sehemu ya polepole. Kinanda kikiwa peke yake, hakuna wa kugombana naye, na kanisa likatulia. Wasiojua walipumua wakadhani mambo yametengemaa. Tobias naye akadhani hivyo.

"Umeona?" akanong'ona huku anapiga. "Yule askari hajui kupuliza."

"Imeshashushwa," Elsabe akanong'ona. "Sehemu ya tatu piga unachokiona. Tafadhali."

"Nyamaza, mke."

Elsabe akanyamaza. Alifunua karatasi kwa wakati wake, na akafikiri kwa haraka kuliko alivyowahi kufikiri. Akiendelea kunyamaza, mambo yatakwisha yenyewe. Mpwa wa meya ataaibika mbele ya Mtemi, na hata mjomba hawezi kumwokoa. Akiiokoa sehemu ya tatu, watu wa chini hawatajua nani kaiokoa. Watasema kijana alianza vibaya akamaliza vizuri, watampa kinanda, na yeye Elsabe atafuata nyuma ya kinanda pamoja na kuni. Mtu mwenye akili angenyamaza. Elsabe alikuwa na akili, hilo hata adui zake walikubali. Lakini baba yake alikuwa na miaka sabini na mmoja, na koncherto ile hakuna atakayeiomba tena, na katika maisha yake yote aliyotunga kwa ajili ya mazishi na harusi za watu, hii ndiyo aliyojitungia mwenyewe. Elsabe alimpenda baba yake. Hakuwa na maneno mengine ya kulizungushia jambo hilo.

Noti ya mwisho ya sehemu ya polepole ilipokuwa bado inaning'inia, alisogea kulia. Benchi lile lilikuwa limelainishwa na suruali za mpiga kinanda mmoja kwa miaka arobaini na mmoja, na Elsabe hakuwa mwembamba. Alimpiga mgeni nyonga moja tu. Tobias Rautenkranz aliteleza hadi mwisho wa benchi, mwisho wa benchi ukaisha, yeye akaendelea.

Kishindo chake kilifunikwa na sehemu ya tatu.

Elsabe alipiga alichokiona, kama alivyokiandika. Baa nne peke yake, na moyo unamdunda kuliko mivukuto. Tarumbeta ikaingia, na safari hii ilikuta mlango wazi. Sauti ya Spörl ilitua juu ya sauti ya kinanda, zikawa kitu kimoja, zikapanda pamoja hadi darini na kurudi. Spörl akageuza jicho moja, akamwona nani yuko kwenye benchi, na manyoya ya mbuni yakatikisika. Hakukatiza, ameapa. Tobias alipoanza kuinuka, amefungua kinywa, mpiga tarumbeta wa Mtemi alisogeza mguu mmoja tu, buti zito la mpanda farasi, akalitua juu ya mkia wa koti jipya, na akaendelea kupuliza. Wakafukuzana, wakapeana zamu, wakadhihakiana. Kuna mahali tarumbeta inauliza swali mara tatu, na kinanda kinatakiwa kujibu mara ya tatu tu. Elsabe alilichelewesha jibu hilo kidogo sana, kwa utundu, na akasikia Spörl akicheka ndani ya tarumbeta yake. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Alijua ni ya mara moja, akaila yote.

Baada ya ibada baraza lilikutana sakristia. Meya Gossler alikuwa amemshika mpwa wake bega.

"Mtemi amefurahi!" alitangaza. "Amesema mwanzo ulimwamsha na mwisho ulimkesheza. Ameagiza aliyepiga sehemu ile ya mwisho ampigie tena Krismasi. Tobias, mwanangu, mwanzoni uliyumba kidogo..."

"Nilikuwa nakipima kinanda," akasema Tobias, anachechemea. Hakumtazama Elsabe. "Kinanda kigeni lazima ukipime."

"Hekima! Basi mimi naona tumalize. Mzee Hinrich atoe ufunguo wa roshani, kama ilivyo desturi, na binti..."

"Bwana Meya," Elsabe akaanza.

"Binti, ngoja, wanaume tunazungumza habari zako."

Mzee Hinrich alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, ufunguo uko kwenye mfuko wa koti lake. Hakuutoa.

"Lile jibu la mara ya tatu," akasema. "Nani alilichelewesha?"

"Mimi," akasema Tobias. "Samahani, mzee, ni haraka tu."

"Haikuwa haraka. Kuchelewa hakuji kwa haraka." Mzee akatazama sakafu, na wigi lake lilikuwa linatetemeka. "Ninamjua mtu mmoja tu duniani anayechelewesha namna ile. Nimemgombeza miaka ishirini na tano aache."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Spörl aliingia na upanga wake na kofia yake, akalitazama baraza kama vyombo vya jikoni.

"Hati ya Kaisari inasema nipewe mvinyo baada ya kupiga," akasema. "Na kabla ya mvinyo, adabu." Akavua kofia, akafagia sakafu kwa manyoya ya mbuni, na akainama mbele ya Elsabe. "Bibi. Miaka kumi na minane napiga, sijapata kujibiwa vile."

Madiwani wakatazamana.

"Bwana Spörl," meya akasema, anacheka cheka, "umekosea mtu. Mpiga kinanda ni huyu hapa."

"Huyo?" Spörl alimtazama Tobias juu hadi chini. "Huyo alikuwa chini ya buti langu."

Tobias aligeuza mkia wa koti lake taratibu, kuficha alama ya soli.

"Bwana Spörl," meya akasema kwa sauti ndogo, "si lazima Mtemi asumbuliwe na mambo madogo ya mji."

"Mchana huu nakula mezani kwake. Akiuliza nani alipiga, nitasema. Sisi tumeapa kutomdanganya."

Hapo baraza lilionja utamu wa utaratibu wake lenyewe. Kusema kwamba mwanamke kapiga kinanda ibadani, mbele ya Mtemi, ni kukiri kosa ambalo halina hata adhabu iliyoandikwa. Kusema kwamba ni Tobias aliyepiga, ni kumfanya meya mwongo kabla ya kachumbari ya matango kufika mezani kwa Mtemi. Diwani mmoja alipendekeza waombe. Mwingine alipendekeza waulize mji jirani. Meya alijifuta jasho kwa kitambaa cha meza ya Bwana.

"Ufunguo," akasema mzee Hinrich, "ninao mimi."

Wakamgeukia.

"Mpaka niukabidhi, kinanda ni changu. Ndivyo desturi yenu inavyosema, mliiandika wenyewe. Kila kinachopigwa kwenye kinanda changu, nimekipiga mimi, kwa mkono wowote nitakaoutumia. Na mimi leo," akakohoa, "nimeghairi kustaafu."

"Kwa vidole hivyo?" Tobias akaropoka.

"Vimepona."

Madiwani walitazama vidole vya mzee Hinrich, vilivyokuwa vimejikunja juu ya goti kama mizizi ya tangawizi. Walivitazama kwa muda. Spörl aliegemea mlango.

"Hilo," akasema, "naweza kuliapia. Aliyepiga ni mzee Vormeyer, kwa mkono aliouchagua. Mvinyo uko wapi?"

Meya Gossler alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi, na jiwe likimwangukia kifuani hulibadilisha likawa nishani. Alimwita karani. Karani akaandika katika kitabu cha baraza, na maandishi yenyewe yako hivi: kwamba kwa rehema za Mwenyezi Mungu na kwa ushuhuda wa wote waliokuwapo, vidole vya Hinrich Vormeyer vimerejewa na afya, kwamba ataendelea kuwa mpiga kinanda wa mji huu mpaka Mungu atakapomwita, na kwamba nafasi ikiwa wazi, binti yake atatolewa kwa mrithi, kulingana na desturi. Madiwani wote walitia sahihi. Muujiza ukapitishwa bila kupingwa. Tobias aliondoka kwa gari la farasi la alasiri, na hakuna aliyempungia mkono ila Klaus, aliyedhani anamuaga mtu mwingine.

Nyumbani Elsabe alipasha supu ya njegere. Alimvua baba yake wigi, akamfunga leso kifuani, akaketi karibu naye na kijiko, maana vidole vilivyopona kwa azimio la baraza havikuweza kukishika.

"Ulichelewesha," mzee akasema.

"Nilichelewesha."

"Nilikuambia uandike pale uchelewe?"

"Hukuniambia."

"Basi iandike. Ni nzuri." Akameza kijiko kimoja. Kisha akakohoa, kikohozi kile kile cha kila vuli, na Elsabe akakisikia kama mara ya kwanza. Kilitoka mbali, kikachukua muda kwisha. Akaweka kijiko chini. Mpaka Mungu atakapomwita, ndivyo walivyoandika. Kila Jumapili aliyopewa leo, benchi lile, pedali zile, tarumbeta ya Krismasi, vyote vilikuwa vinakaa ndani ya kifua hiki chembamba kilichofungwa leso.

Aliinuka akafunga dirisha. Akaleta blanketi, akalifunga mabegani mwa mzee, akaleta la pili.

"Unanizika?" mzee akauliza.

"Baba," akasema Elsabe, na safari hii ulimi wake haukuwa na makali yoyote. "Usife."

Mzee Hinrich alimtazama bintiye, kimo chote kile, na blanketi mkononi. Akafungua kinywa, akangojea kijiko.

"Mwaka huu," akasema, "sina nafasi."

Elsabe akaketi, akakipulizia kijiko, akamlisha.